Baridi ya Bakubwa

Mimi nasema wazi: mu Bukavu hakuna mutu mwenye anahitaji klimatizeri, ile masini ya kuleta baridi mu nyumba. Mungu alisha tuwekea ya kwake. Muchana kuko ziwa, usiku kuko mulima, na mvula inapita katikati saa yote yenye inapenda. Batu ya Kindu banaweza kulalamika juu ya joto, batu ya Uvira pia, nitabahurumia. Lakini mutu ya Bukavu, mwenye analala na soksi, mwenye anavaa pulovere mbili juu ya kwenda misa ya kwanza, huyo akikuambia ati anapenda klimatizeri, umushike kipaji ya uso uone kama haiko na homa.

Bwana yangu Aloys hakukuwa na homa. Alikuwa na karavani.

Karavani ni nyumba ya bati yenye magurudumu, inavutwa nyuma ya gari. Ndani muko kitanda, meza, viti ya kuegemea ukuta, na fasi ndogo ya kupikia. Aloys alikuwa shofere ya enjenieri moja Mubelji mwenye alikuwa anatengeneza barabara kule Kasongo na Kindu. Barabara ikienda mbele, karavani inafuata. Siku ule muzungu alirudi kwabo, aliona kupeleka ile kitu mpaka Ulaya ni mateso ya bure, akamuachia Aloys. Bibi ya bengine banaachiwaka na bazungu masini ya kushona, ao friji. Mimi nikaletewa nyumba ingine juu ya nyumba, ikavutwa mpaka mu lupango yetu, kiwanja ya nyumba kule mutaa ya Essence, ikasimama fasi yenye nilikuwa nalima maharagi. Maharagi ilikuwa na maua tayari.

Klimatizeri ilikuwa juu ya paa, sanduku moja nyeupe sawa jeneza ya mutoto, Mungu anisamehe. Ndani, kwa plafon, njo dari, kulikuwa butoni ya kuzungusha. Ukiweka kwa alama ya bleu, inatoa baridi. Ukiweka kwa alama ya rouge, nyekundu, ile masini moja inageuza kazi: inachota kajoto kenye kako inje, hata kama weye unaona inje ni baridi tupu, na inakaingiza ndani. Mimi sikuamini. Siku moja Aloys alinionyesha, na kweli hewa ya vuguvugu ikatoka. Nikapiga makofi, nikamuita kwa jina ya binti yetu. "Papa Noëlla, hii njo butoni ya Bukavu! Tuiache pale pale, tusiiguse tena." Akaniangalia sawa mutu mwenye alisikia natukana kanisa.

"Rouge ni ya bagonjwa," akasema. "Bakubwa banakaaka mu baridi."

Muone mutu mwenye nilifunga naye ndoa.

Na vile alikuwa anaitunza! Kila siku ya posho, njo jumamosi, anatosha inje filtre, ile sponji yenye inakamata vumbi, anaiosha polepole na sabuni na maji ya vuguvugu, anaianika mu kivuli sababu jua inaiharibu. Soksi zake nani anaosha? Mimi. Anapanda juu ya paa na brosi ya meno, anasugua vile vibati nyembamba vya nyuma, anatosha majani mu tundu yenye maji inapitia. Brosi ya meno ilikuwa yangu, na nilijua tu kisha mwezi muzima kupita. Akimaliza anafunika sanduku na plastiki, na ole wako ukisahau kutosha ile plastiki mbele ya kuwasha. Akizima, mutu asiwashe tena mpaka dakika tano ipite, juu masini iko bado inapumua, ukiilazimisha inakufa. Courant ya umeme ikiwa ndogo, taa zikiwa nyekundu vile zinakuwaka mangaribi, anakataza kabisa. Yote hiyo Mubelji alimufundisha, na Aloys aliishika kuliko katekisimu. Kitu moja tu hakumufundisha: ya kwamba Bukavu si Kasongo.

Kama alikuwa anaosha tu, ningenyamaza. Lakini alikuwa anaitumia. Mugeni akifika, saloni yangu iko pale, viti ya kisasa, na kila kiti iko na kitambaa nilifuma kwa mikono yangu. Hapana. Mugeni anapelekwa mu karavani, anafungiwa mulango, anawashiwa bleu. Na batu ya kwetu munabajua. Nani mwenye atamuambia mwenye nyumba ati heshima yako inaniua? Mugeni anaweka mikono chini ya matako, anasema, "Hapa kweli munafika, Papa Aloys, hapa ni kama Kinshasa." Aloys anacheka, anaongeza. Katekista yetu, Papa Modeste, alikaa mule ndani saa nzima juu ya maneno ya ubatizo. Alitoka na mafua yenye ilimukalisha kitandani, na akilala kitandani bado alikuwa anasifu. Sasa Aloys angejua namna gani? Ni mimi tu nilikuwa namuambia ukweli, na mimi ni bibi yake, kwa hiyo si kitu.

Sasa musikie maneno ya Noëlla.

Noëlla ni binti yetu ya kwanza, mwalimu ya shule ya msingi. Alikuwa anaelekea trente ans, miaka makumi tatu. Mu muji yetu, mwanamuke ya trente ans mwenye hajaolewa, batu banaanza kumusalimia na sauti ya matanga. Bakwe ya kwanza kuya kumuomba balitoka Kalehe, batu ya heshima, balikuya na boti. Aloys alibahubiria juu ya barabara ya Kasongo, kila kilima, kila daraja, mpaka boti ya kurudi ikabaacha. Balilala kwa bandugu yabo, na hatukubasikia tena.

Halafu Cyprien akafika. Kijana ya Walungu, mutulivu, alikuwa amepata kazi kule Kisangani, na avion yake, ndege ya kumupeleka, ilikuwa juma yenye inafuata. Bazee ba kwabo balituma neno: tutakuya jumapili, siku ya Mungu. Tukisikilizana, kijana ataenda na neno, na bibi atamufuata. Tusiposikilizana, kuko binti ya jirani kule Walungu, bazee banamujua tangu mutoto, na bo habapendi kijana aende mbali hivyo peke yake.

Noëlla alikuya kuniona mu jiko. Hakulia, yeye haliake. Alisema tu, "Maman, huyu nikimukosa, musinitafutie mwingine. Ninachoka kuosha vikombe ya bageni benye habarudie."

Ile maneno ilinikata. Nikaenda kwa baba yake pale pale.

"Papa Noëlla, siku ya Mungu tubapokee mu saloni."

"Bakwe? Mu saloni? Sawa batu benye banauzisha makala?"

"Mule ndani ya bati yako kuko baridi!"

"Aksanti," akasema. Aliona ninamusifu!

"Aloys. Basi weka rouge. Siku moja tu. Koko ya kijana, nyanya yake, atakuya pia, ni muzee sana."

Akakuna ndevu. "Nitaona," akasema.

Kama bwana yako anakuambiaka "nitaona", unajua. Kama hakuambiake, umushukuru Mungu na usiniulize.

Siku ya Mungu mvula ilianza saa ya misa na haikukatika. Bageni balitoka Walungu juu ya kamyoneti, bakafika na matope mpaka magoti. Mbele alikuwa Muzee Bisimwa, ndugu ya baba ya Cyprien, mwenye balimupatia kazi ya kusema. Nyuma yake, juu ya fimbo, Koko Nsimire, nyanya mwenye alimulea Cyprien tangu mama yake kufa. Kila mutu alijua namna inakuwaka: Bisimwa anasema, lakini Koko njo anaamua. Kijana mwenyewe hakukuya, si fasi yake. Na Noëlla alibaki mu jiko, kungojea aitwe.

Aloys alikuwa kwa mulango ya karavani na mwavuli, mu abakosti yake ya bleu, ile suti bila kravati, viatu inawaka. Bakaingia. Mimi nikafuata na chai ya moto na mandazi, na Primus mbili zenye sikuweka mu friji, juu bazee banapenda pombe ya vuguvugu. Nikafungua mulango na kiwiko, na baridi ikanikamata kwa meno.

Nikaangalia kwa plafon. Bleu. Bleu mpaka mwisho! Na upepo aliweka polepole kabisa, ati masini isipigie bageni makelele wakati banasema.

Nikamuangalia. Akaangalia dirisha.

"Karibu sana, bakwe," akasema. "Muko sawa?"

"Hapa kweli... ku... munafika," Muzee Bisimwa akasema. Nguo yake ilikuwa na maji ya mvula bado, na sasa ile baridi ilikuwa inaishukia juu. Alisimama kuanza maneno yake. Alisema balipita karibu na hii lupango, bakaona ua moja muzuri, na akapiga chafya. Akaanza tena kwa ua, akapiga chafya tena. Mimi nikakohoa juu ya kuonyesha Aloys butoni. Nikakohoa nguvu, nikainua macho kwa plafon mpaka shingo ikauma.

"Mama Noëlla," Aloys akasema, na huruma yote, "uko na kifua?"

Mungu wangu! Kama hakukuwa bageni, ningemupiga na termo ya chai.

Koko Nsimire alikuwa kwa kona, chini kabisa ya tundu yenye hewa inatokea. Alishika kikombe na mikono mbili, na kikombe ilikuwa inagonga sahani yake, ti-ti-ti-ti, bila kupumzika. Aloys akainama kwa sikio yangu. "Unaona? Koko anafurahi mpaka anatetemeka."

Nikasema kwa roho, Georgette, jikaze. Nikafikiri Noëlla na mikono mu beseni. Nikafikiri avion. Bisimwa alifika sasa kwa fasi ya kuuliza kama ua iko na mwenyewe, lakini midomo yake ilikuwa inakuwa ya rangi ingine, na maneno haikutoka muzuri. Alianza kuangalia mulango. Mutu mwenye alikuya kuomba bibi hawezi kuangalia mulango vile kama iko na nia ya kukaa. Niliona kabisa ile binti ya jirani ya Walungu, anasuka nywele juu ya arusi yake.

Na pale njo masini ikaanza kuguna. Hewa ikapunguka, ikapunguka, ikaisha. Aloys akainua mukono kwa tundu, hakusikia kitu. "Inachoka," akasema, na akatafuta kuongeza bleu yenye ilikuwa mwisho tayari. Mimi nikasimama, nikachungulia mu ile tundu. Barafu! Ilijifunga mule ndani nene, nyeupe, ikaziba njia ya hewa yote. Masini ya baridi yenyewe iliganda na baridi, ndani ya Bukavu, mu mwezi ya mvula. Sijui mutu anaweza kuambiwa wazi kuliko pale.

Nikasukuma mukono ya bwana yangu, nikazungusha butoni mpaka rouge.

"Ngoja! Dakika tano! Georgette, unaiua!"

Tuk. Taa ikalegea, masini ikatetemesha paa mara moja, ikanyamaza. Tukasikia mvula peke yake. Halafu kitu ikalia mule juu, kra, na kipande ya barafu ikateleza mu tundu, ikaanguka mu kikombe ya Koko Nsimire. Chai ikamurukia kifua. Nyuma ya barafu, maji, tone kwa tone, juu ya kitambaa yake ya kichwa.

Bisimwa aliangalia viatu yake. Mimi nilitamani matope ya inje ifunguke inikamate. Nikatosha kitenge yangu ya juu, nikamupangusa Koko, kifua mpaka kichwa. Nilikuwa na hasira na haya pamoja.

Koko akashika mukono yangu, akaisukuma pembeni polepole. Akamuangalia Aloys.

"Aloys," akasema. "Mimi ni muzee, nitauliza kitu yenye hawa batoto banaogopa kuuliza. Tulikukosea nini?"

"Koko?"

"Kama mutu hapendi kutoa binti yake, anasema hapendi. Tungemusalimia, tungerudi. Juu ya nini kutufungia mu baridi sawa nyama? Sisikie vidole yangu tena."

Aloys akaniangalia, akamuangalia Bisimwa. "Inabaumiza?" akauliza. "Hii inabaumiza?"

Bisimwa akapiga chafya.

Mimi nilikuwa na maneno tayari. Karibu trente ans ya maneno, na yote ilikuwa inasukumana kwa mulango ya kinywa. Lakini Aloys aliketi chini. Na abakosti yake, juu ya sakafu yenye maji, mugongo kwa mulango.

"Koko," akasema, "mimi nililala inje ya huu mulango miaka mingi. Kule Kasongo. Joto ya kule, usiku, munaweza kukamua shuka. Patron, ule Mubelji, iko humu ndani na masini yake. Mimi niko mu kabine ya kamyo, vitre, vile vioo, nilifunga juu ya mbu, natoka jasho mpaka asubui. Asubui anafungua huu mulango juu ya kuniambia kazi. Na ile hewa inatoka. Inanigusa hapa." Akashika uso yake. "Kidogo tu. Halafu anafunga. Nilikuwa nakuya mbele ya saa, nasimama karibu na mulango sawa mutu mwenye iko na bidii sana. Alinisifuka juu ya ile bidii. Mimi nilikuwa nangojea hewa."

Maji ilikuwa inaanguka tu, tone kwa tone.

"Hata siku moja hakusema, Aloys, ingia. Hakukuwa mutu mubaya. Haikumufikia mu kichwa tu. Mimi nikaapa: siku nitakuwa na mulango yangu, mutu mwenye naheshimu ataingia. Atakaa pale kabisa, chini ya ile tundu." Akaonyesha fasi ya Koko. "Njo fasi yenye Patron alikuwa anakaa."

Mimi nililala na huyu mutu tangu nilikuwa kijana. Alinielezea matope ya Kasongo, nyoka ya Kasongo, madaraja yote ya Kasongo mpaka nilikaribia kufa. Hii hakunielezea. Na mimi sikumuuliza hata siku moja usiku alikuwa analala wapi. Hasira yangu ilibaki pale imesimama, haijui iende wapi.

Koko Nsimire alichukua kijiko, akatosha ile barafu mu kikombe yake, akaiweka kwa sahani. Akaiangalia kidogo.

"Ile masini," akasema, "ilisha kufa?"

"Hapana, Koko. Iko na barafu mu tumbo. Tunaweka upepo peke yake, barafu inayeyuka, halafu tunangojea."

"Basi yeyusha."

Aloys akasimama, akazungusha butoni kwa upepo.

"Na ikimaliza kuyeyuka," Koko akasema, "urudishe bleu."

"Koko," Muzee Bisimwa akasema, sauti ya mutu mwenye anaombea maisha yake.

"Bleu, Bisimwa. Huyu mutu anatupatia kitu yenye Patron yake alimunyima kwa mulango. Mimi siwezi kuiacha nirudi Walungu. Pangusa pua, anza maneno yako tena kwa mwanzo. Ukifika kwa ng'ombe, useme polepole, masikio yangu ni ya muzee." Akasogea kwa kiti, akafanya fasi pembeni yake. "Na weye Aloys, toka kwa mulango. Ingia, ukae hapa."

Mimi nikatoka. Nikapita mu mvula bila mwavuli, kiatu moja ikabaki mu matope, nikaiacha. Nikaingia mu chumba yetu, nikaanza kuvuta blanketi juu ya kitanda, na pale machozi ikanikamata, machozi ya kijinga, nikawa nalia na kutukana pamoja. Mutu gani huyu! Angeniambia! Angeniambia siku moja tu!

Nikageuka, Noëlla alikuwa kwa mulango. Mikono yake ilikuwa na sabuni mpaka kwa kiwiko. Aliona uso yangu, akaona mavazi yangu yenye maji, akaweka kikombe yenye alishika juu ya kabati, polepole sana.

"Maman," akasema. "Banarudi kwabo?"

"Banakaa," nikasema. "Tosha blanketi ya kitanda yako, tubapelekee. Tosha zote. Mule ndani kuko baridi ya kuua mutu."